Vipimo Vilivyozaliwa Kajiado na Faharasa Zisizovijua

Kimana ni mji mdogo wa soko wa Kajiado, Kenya, kwenye barabara ya kutoka Emali kwenda Loitokitok, lakini kwenye rafu za maktaba ni mahali pakubwa. David Western alianza kuchunguza wanyama na mifugo wa Amboseli, jirani tu na hapo, mwaka 1967. Miaka kumi baadaye David Campbell, mwanajiografia, alizihoji kaya za eneo la Loitokitok kuhusu ardhi, mifugo na ukame. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Kituo cha Kimataifa cha Mifugo Afrika, ILCA, walipiga kambi katika ranchi za vikundi za mashariki mwa Kajiado, Mbirikani inayopakana na Kimana ikiwa mojawapo. Hifadhi ya wanyamapori ya jamii ya Kimana ilipofunguliwa mwaka 1996, wakaja wengine kuuliza wenyeji wanawaonaje ndovu. Ua wa umeme ulipozungushwa mashamba, wakaja wa kuhesabu mara ngapi ndovu wameuvunja. Shule ya mafunzo ya nyanjani ya Kimarekani nayo ikaweka kambi papo hapo Kimana, na wanafunzi wake wakawa wanateremka na hojaji mkononi. Yaani kwa zaidi ya nusu karne watu wa huku wameulizwa, wamehesabiwa na wamepangwa katika madaraja. Lakini anayetaka leo kupima utajiri wa kaya ya wafugaji wa huku, akiketi mbele ya kompyuta na kuzipekua hifadhidata za machapisho, mara nyingi hutoka na kipimo kilichotungwa kwa ajili ya watu wa mbali, huku kile kilichotungwa kilomita chache kutoka hapo kisimtokee kabisa. Kosa hilo halitokani na uvivu wake peke yake. Faharasa za sayansi ziliundwa ili zijibu nini kilichunguzwa na wapi. Kimechunguzwa kwa kipimo gani ni swali ambalo kwa mambo ya mifugo na malisho halikupewa mlango wake. Kwa hiyo historia ya kipimo ndiyo ramani ya kukitafutia, na asiyeijua historia hiyo atabahatisha tu.

Tuanze na sababu ya kupima. Bunge la Kenya lilipopitisha sheria ya uwakilishi wa vikundi katika ardhi mwaka 1968, Umaasai uligawanywa kuwa ranchi zenye hati moja, wanachama waliosajiliwa na kamati. Nyuma ya mpango huo kulikuwa na mikopo, na mkopo hutaka tarakimu: ranchi inaweza kubeba ng'ombe wangapi, nani ana wangapi, nani apunguze. Serikali ya kikoloni ilikuwa imehesabu mifugo ya Wamaasai kabla ya hapo, mara nyingi kwa nia ya kuipunguza, kwa hiyo swali la idadi ya ng'ombe lilifika likiwa limekwisha kuchafuka. Hata bila historia hiyo swali lenyewe lilikuwa gumu. Mfugaji huwajua ng'ombe wake kwa rangi, kwa pembe na kwa ukoo wa mama zao. Jioni wanapoingia bomani humwona asiyekuwepo bila kuhesabu. Tena walio bomani si wake wote, na wake wote hawamo bomani: wengine wamegawiwa wake zake na wana wao, wengine wako kwa rafiki au mtu wa rika lake, wengine wamehamia malisho ya mbali. Mtafiti aliyeuliza "una ng'ombe wangapi?" alipewa jibu la adabu na akaliandika kana kwamba ni hesabu.

ILCA, iliyoanzishwa mwaka 1974 na kuwa na makao yake Addis Ababa, iliushughulikia ugumu huo kwa njia mbili, na njia hizo zina hatima tofauti katika faharasa. Ya kwanza ni uniti ya mifugo ya tropiki, yaani mnyama wa kubuni mwenye uzito wa kilo 250. Hans Jahnke, katika kitabu chake cha mwaka 1982 kuhusu ufugaji wa Afrika ya tropiki, alimpa ngamia uniti 1, ng'ombe 0.7, mbuzi au kondoo 0.1. Ukijumlisha hivyo unapata tarakimu moja inayoweza kulinganishwa kutoka Turkana hadi Sahel. Watafiti wa Kajiado walikwenda hatua moja zaidi: waliigawanya tarakimu hiyo kwa idadi ya walaji katika kaya, kila mlaji akipimwa kwa mwanamume mzima anayefanya kazi, kisha wakaweka mipaka. Kaya yenye chini ya uniti 5 kwa kila mtu mzima wa namna hiyo iliitwa maskini, kuanzia 5 hadi chini ya 13 ikaitwa ya kati, kuanzia 13 kwenda juu ikaitwa tajiri. Uzuri wake unaonekana kwa mfano. Chukua ng'ombe 50 na mbuzi 100. Kwa viwango vya Jahnke ni uniti 35 na 10, jumla 45. Kundi hilo likiwa mikononi mwa familia yenye ulaji wa watu wazima 3, kila mmoja ana 15, hao ni matajiri. Kundi lile lile likilisha ulaji wa watu 10, kila mmoja ana 4.5, na familia hiyo ni maskini ingawa mpita njia anayetazama mavumbi ya mifugo jioni hataona tofauti yoyote. Kipimo hiki kina jina fupi na tarakimu zake zinaingia kwenye jedwali, ndiyo maana kimeenea na kinapatikana kwa urahisi. Ila kinapatikana nusu. Viwango vya ubadilishaji hutofautiana kutoka chapisho moja hadi jingine, hasa vya mbuzi na kondoo na vya watoto, na muhtasari unaosomwa kwenye hifadhidata hausemi mwandishi ametumia vipi. Wanafunzi wawili wanaweza kuandika jina moja la kipimo wakawa wamepima vitu viwili.

Njia ya pili ndiyo inayostahili kukaliwa. Barbara Grandin, mwanaanthropolojia wa ILCA, alihitaji sampuli yenye kaya za kila daraja la utajiri kabla hata ya kupata nafasi ya kuhesabu mifugo. Badala ya kumwuliza kila mtu kuhusu mali yake mwenyewe, aliwauliza majirani. Jina la kila mwenye kaya liliandikwa kwenye kadi yake. Mtoa habari, mtu anayezijua kaya zote, alipewa kadi akiwa peke yake na kuombwa azipange katika mafungu kwa kadiri ya utajiri, mafungu mangapi ni shauri lake. Mtoa habari asiyejua kusoma alisomewa jina, akaionyesha kadi fungu lake. Kisha zoezi likarudiwa na mwingine, na mwingine tena, angalau watu 3. Hesabu inayofuata ni ya darasa la msingi: namba ya fungu igawanywe kwa idadi ya mafungu, izidishwe kwa 100, kisha wastani wa watoa habari wote uchukuliwe. Tuseme mzee wa kwanza amefanya mafungu 4 na kumweka jirani yake katika la kwanza, la matajiri: alama ni 25. Wa pili ana mafungu 5, amemweka la pili: 40. Wa tatu ana mafungu 3, amemweka la kwanza: 33. Wastani ni karibu 33, na jirani huyo yuko upande wa wenye nacho. Hakuna aliyetaja idadi ya ng'ombe wa mtu, wala hakuna aliyetajiwa yake. Baada ya kazi hiyo watoa habari waliombwa waseme ni nini kinachotofautisha fungu na fungu, na hapo ndipo mtafiti alipojifunza kwamba mali kwa Mmaasai ni mifugo pamoja na watoto, mambo ambayo uniti ya kilo 250 huyaweka pande mbili tofauti za alama ya kugawanya.

Grandin aliieleza njia hii katika machapisho ya ILCA mwaka 1983, kisha mwaka 1988 ikatoka London kama kijitabu cha mwongozo kwa watu wa nyanjani. Kuanzia hapo safari ikawa ya kasi. Mwaka huo huo wa 1988 taasisi ya mazingira na maendeleo ya London, IIED, ilikuwa imeanza kutoa mfululizo wa madokezo kuhusu tathmini ya haraka ya vijijini, na toleo la 15 la mwaka 1992 lote lilihusu matumizi ya njia hii sehemu mbalimbali za dunia. Ian Scoones aliitumia kusini mwa Zimbabwe na kuilinganisha na hojaji za kaya. Makala yake ilitoka mwaka 1995. Katika jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, shirika la mikopo midogo liliigeuza kuwa ya hadhara ili kuwatambua wanawake wanaostahili mikopo, na mwaka 2007 James Hargreaves na wenzake waliyachambua maneno waliyoyatumia wanakijiji kupanga kaya na kuyageuza kuwa kipimo cha tarakimu. Mwaka huo huo Bjorn Van Campenhout alifanya kazi ya namna hiyo kwa vijiji vinne vya Tanzania. Lakini kila ilikofika ilivaa jina jipya. Kwanza ilikuwa upangaji wa kaya kwa utajiri. Robert Chambers wa Sussex na wafuasi wake walipotaka kuingiza afya, heshima na usalama, ikawa upangaji kwa hali njema. Wengine wakaongeza neno shirikishi mbele. Wengine wakaiita uchambuzi wa matabaka ya jamii. Anayetafuta kwa jina moja hupata tawi moja la ukoo. Na kadiri jina linavyokuwa jipya ndivyo Kajiado inavyozidi kutoweka, kwa sababu makala ya mwaka 2007 humtaja aliyeandika mwaka 1999, na huyo humtaja Chambers, na Chambers ndiye humtaja Grandin.

Msomaji wa anthropolojia atasema hapa kwamba ninaipa Kajiado sifa isiyo yake. Polly Hill aliwauliza wenyeji wa Batagarawa, kaskazini mwa Nigeria, wawapange wenzao kwa utajiri, na kitabu chake kuhusu Wahausa wa vijijini kilitoka mwaka 1972, kabla Grandin hajashika kadi. Ni kweli, na ni vema isemwe. Kuna tofauti lakini kati ya mwanazuoni aliyetumia ujanja fulani kijijini kwake na kipimo chenye masharti, hesabu na mwongozo unaoweza kufuatwa na afisa wa mifugo aliyemaliza diploma. Ujanja ulikuwepo Nigeria, pengine na kwingine kabla ya hapo. Kipimo, kwa maana ya kitu kinachoweza kuazimwa na kurudishwa, kilitengenezwa katika kazi ya Umaasai, kwa shinikizo la tatizo la Umaasai, yaani watu ambao mali yao hutembea na ambao kuwauliza idadi yake ni kuwakosea. Tena pingamizi hili linaipa nguvu hoja yangu: uhusiano wa Batagarawa na Mbirikani huupati kwa kuandika maneno kwenye kisanduku cha kutafutia. Unaupata kwa kufuata nani alimsoma nani.

Sasa faharasa zenyewe. Mojawapo ya zile kubwa katika kilimo na mifugo, ya CABI, ina asili inayotuhusu moja kwa moja: mwaka 1910 Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza wadudu wa Afrika ya tropiki, na shughuli yake ya kutoa mihtasari ya machapisho ikakua hadi ikawa hifadhidata ya kompyuta katika miaka ya 1970. Katikati ya miaka hiyo hiyo shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, nalo lilianza AGRIS. Wakutubi wa pande zote mbili walikuwa mabingwa wa kuainisha. Walimpa kila mdudu jina lake la Kilatini, kila zao msimbo wake, kila nchi mahali pake. Ripoti ya Kajiado ikiingia hupewa vibandiko: ng'ombe, wafugaji, Kenya, malisho, maziwa. Kwamba ndani yake, ukurasa wa ndani kabisa au kwenye kiambatisho, mna njia ya kupanga kaya ambayo mtu wa Limpopo angeihitaji, hilo halikuwa na kibandiko. Linganisha na wanasaikolojia. Oscar Buros alitoa kitabu chake cha mwaka cha majaribio ya akili huko Marekani mwaka 1938, kikiorodhesha majaribio yenyewe, bei zake na maoni ya wakosoaji. Mwaka 1985 ikaanza hifadhidata ya zana za afya na saikolojia, iliyobuniwa na Evelyn Perloff, na mwaka 2011 chama cha wanasaikolojia wa Marekani kikaongeza ya kwake ya majaribio. Katika tiba, Caroline Terwee na wenzake walitunga mwaka 2009 mfuatano wa maneno ya kutafutia katika PubMed ambao kazi yake pekee ni kuzichuja makala zinazopima ubora wa vipimo. Kwa nini wao na si watu wa mifugo? Nadhani sababu kubwa ni biashara. Jaribio la akili lilikuwa bidhaa, lina mwenye haki, shule na jeshi vinalinunua, na mnunuzi hutaka katalogi. Kadi za Grandin haziuzwi. Kipimo kisicho na duka hakikupata orodha, kikabaki kiambatisho cha ripoti ya mradi, na mradi ukiisha hata mkutubi wa mradi huenda zake.

Kuisha kwa mradi si lugha ya mafumbo. Kitabu kilichokusanya kazi ya ILCA katika ranchi za Olkarkar, Merueshi na Mbirikani, "Maasai Herding", kikihaririwa na Solomon Bekure, P. N. de Leeuw, Grandin na P. J. H. Neate, kilitoka Addis Ababa mwaka 1991, miaka kadhaa baada ya data kukusanywa na baada ya ukame wa 1984 kubadili hali. Mwaka 1994 ILCA iliunganishwa na maabara ya magonjwa ya mifugo ya Nairobi ikazaliwa ILRI. Machapisho ya zamani baadaye yalipigwa picha na kuwekwa kwenye hazina ya mtandaoni, bure kwa yeyote. Hapo sasa ndipo mtafutaji anapokutana na jambo dogo lenye madhara makubwa: tahajia. Kitabu cha 1991 kinaandika Mbirikani. Watafiti wa baadaye, kama Shauna BurnSilver, wanaandika Imbirikani. Nyaraka za kikoloni na vitabu vingi hadi miaka ya 1970 vinaandika Masai kwa a moja, vya sasa Maasai. Loitokitok ni Oloitokitok katika baadhi ya machapisho. Kaputiei huandikwa Kaputei. Kajiado ilikuwa wilaya, sasa ni kaunti, na baraza lake la zamani liliitwa Olkejuado. Anayeandika Imbirikani na kaunti ya Kajiado anapata yaliyochapishwa juzi, na anaweza kuapa kwa dhati kwamba kabla ya hapo hakukuwa na kitu. Utafutaji wa kweli wa kipimo cha Kimana unaanza kwa kuorodhesha tahajia zote za mahali na watu, kuziunganisha kwa "au", kisha kuongeza majina yote ya ukoo wa kipimo, na mwisho kuziacha hifadhidata na kufuata marejeo nyuma hadi kwenye mwongozo wenyewe. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo huachwa mara nyingi. Makala ya jarida ina mistari miwili mitatu kuhusu njia, kwa kuwa mhariri anabana kurasa; hojaji yenyewe iko kwenye tasnifu, na tasnifu iko maktaba ya chuo.

Wapo watakaosema haya yote yalikwisha Google Scholar ilipoanza mwaka 2004, kwa sababu sasa kompyuta husoma matini nzima, viambatisho na yote, wala haihitaji kibandiko cha mkutubi. Pingamizi hili lina uzito na sitalipuuza. Mengi niliyoyataja hapo juu yalikuwa hayapatikani kwa mtu wa Kajiado kabla ya intaneti, na mipango ya FAO na wengine ya kuzifungulia nchi maskini majarida ya kilimo, kama AGORA iliyoanza mwaka 2003, ilisaidia vyuo vyetu sana. Ila kusoma matini nzima ni kutafuta maneno katika wingi zaidi wa maneno. Kompyuta itakuletea kila makala iliyotumia kipimo, ikizitanguliza zilizonukuliwa sana, na zilizonukuliwa sana ni za waliokitumia baadaye katika majarida makubwa, wala si ripoti ya Addis Ababa ya mwaka 1983. Tena nyaraka za zamani zilizopigwa picha vibaya kompyuta husoma herufi zake vibaya. Pazia limeinuliwa, kweli, lakini jukwaani wamesimama mbele wale wale wenye sauti kubwa.

Madhara yake si ya kitaaluma tu. Mwaka 2001 Deon Filmer na Lant Pritchett walichapisha njia ya kukadiria utajiri wa kaya bila kuuliza mapato, kwa kuunganisha kitakwimu maswali kuhusu vitu vya nyumbani, ukuta, sakafu, maji na choo. Njia hiyo ni ya werevu, ina majina yanayotafutika, na uchunguzi wa idadi ya watu na afya duniani kote umejengwa juu ya mfano huo. Ndiyo itakayomtokea kwanza yeyote anayetafuta kipimo cha utajiri. Ipeleke Kimana ilivyo. Nyumba ya mzee mwenye ng'ombe 200 imepakwa samadi, sakafu ni udongo, maji ni ya mtoni, choo ni kichaka. Mpangaji wa chumba kimoja cha mabati pale sokoni, asiye na mbuzi hata mmoja, ana sakafu ya saruji, bomba uani na televisheni. Bila swali la mifugo, mpangaji ndiye tajiri. Watungaji wa hojaji hizo waliuona upungufu huo na wakaongeza maswali ya mifugo na ardhi katika matoleo ya baadaye, lakini mwanafunzi anayechukua orodha kutoka makala ya zamani aliyoikuta juu ya matokeo hana habari. Mtu aliyewahi kuuona mwongozo wa mwaka 1988 angeanza kwa kuwauliza wenyeji wanamwita nani tajiri, kisha ndiyo achague maswali.

Pingamizi gumu kuliko yote linatoka Kajiado kwenyewe, upande wa kaskazini. Kitengela si Mbirikani ya 1982. Ranchi yake ya kikundi iligawanywa mapema, ardhi ikauzwa vipande vipande, viwanda, vituo vya mafuta na magorofa vikafuata, na nyua zikakata njia za nyumbu na za ng'ombe kwa pamoja. Ukimpa mkazi wa Kitengela kadi za majina ya majirani zake 60, huenda akawajua wanne. Kadi za Grandin zinadai jamii inayojuana, na pasipo kujuana hazipimi kitu. Hapa sina la kubisha. Mipaka ya uniti 5 na 13 nayo ni ya wakati ambapo mifugo ilikuwa karibu mali yote. Kwa kaya yenye ekari tatu za nyanya Kimana, mwana anayefanya kazi Nairobi na kodi ya vyumba viwili sokoni, mipaka hiyo inapotosha. Ranchi ya Kimana yenyewe imekwisha gawanywa kwa wanachama, kwa hiyo hata orodha ya majina iliyokuwa sampuli tayari haipo kama zamani. Watafiti wa Kitengela walielewa hivyo. Patti Kristjanson, David Nkedianye na wenzao katika ILRI, waliochapisha mwaka 2002 thamani ya matumizi mbalimbali ya ardhi ya huko, waliyapima mapato kwa chanzo chake: mifugo, mshahara, biashara, kodi ya ardhi. Kisha mwaka 2004 wenye ardhi wa Kitengela, kwa msaada wa ILRI, walizunguka na vifaa vya setilaiti mkononi wakachora kila ua kwenye ramani. Hicho nacho ni kipimo kilichozaliwa Kajiado, na kinapima kitu ambacho kadi haziwezi: kwa kiasi gani ardhi ya kutembeza mifugo imekatwa. Jaribu kukitafuta kwenye hifadhidata kama kipimo. Utakikuta chini ya vibandiko vya nyumbu, mgawanyiko wa makazi ya wanyama na hifadhi ya taifa ya Nairobi.

Kwa hiyo kuchakaa kwa kipimo si sababu ya kukipoteza, na kazi ya Campbell inaonyesha kwa nini. Mwaka 1996, karibu miongo miwili baada ya uchunguzi wake wa kwanza, alirudi Loitokitok na timu ya Wakenya na kuzihoji kaya tena. Hojaji ya 1977 haikuwa nzuri kuliko zote, na hali ilikuwa imebadilika kupita kiasi: mashamba ya umwagiliaji yalikuwa yameteremka hadi kwenye vinamasi, wafugaji walikuwa wamekuwa wakulima, wanyamapori walikuwa wamegeuka mgogoro. Lakini kwa kuwa alikuwa nayo hojaji, maswali na namna ya kuchagua kaya, aliweza kusema kilichobadilika na kwa nani, jambo ambalo tafiti kumi mpya zenye maswali kumi mapya zisingeweza. Fedha hazikuwa siri yake, wala teknolojia. Mtu aliyetunga maswali ndiye aliyerudi, na makaratasi yake alikuwa nayo. Mwanafunzi wa leo wa Kajiado anayetaka kufanya mara ya tatu anaanzia pabaya zaidi: matokeo ya mara mbili za kwanza atayapata kwa dakika chache, katika jarida la sera za ardhi la mwaka 2000 na ripoti zilizofuata. Kwa karatasi ya maswali ni lazima amwandikie mtu barua.